Kiingereza Nilichomfundisha Maman

Nianze na ujinga wenyewe, maana nisipousema mimi utausikia kwa mtu mwingine, na huyo ataongeza chumvi. Nilimfundisha maman yangu kwamba kwa Kiingereza “she” ni mwanaume na “he” ni mwanamke. Nilifanya kwa makusudi, akili zangu zikiwa timamu, nimekaa kwenye kigoda cha jikoni huku yeye akichambua maharagwe. Na alishika haraka. Hapo ndipo nilipoponzeka. Mwanafunzi mzito angeniokoa.

Sababu ilikuwa mpira. Jumamosi hiyo tulikuwa na mechi na vijana wa avenue ya juu, golikipa mimi, na nusu saa kabla ya kuanza maman alinipa vidumu viwili. “Robinet imekauka. Shuka chini ulete maji.” Asiyeijua Cimpunda, mtaa wetu wa mlimani, hawezi kuelewa uzito wa neno “shuka”. Nyumba zetu zimepandana mlimani kama watu wanaochungulia harusi ya jirani. Kushuka ni dakika kumi. Kupanda na vidumu viwili, hiyo usiulize. Nilipofika juu tulikuwa tumekwisha kufungwa tano, na golikipa wa kuazima alikuwa amekaa nyuma ya goli anajifanya amevunjika mguu.

Jioni hiyo hiyo maman akaja na daftari jipya.

“Mwanangu, nataka unifundishe anglais. Kidogo kidogo. Ya kuongea na batu.”

Nikasema moyoni: Mungu si wa wengine tu.

Sikumuuliza anataka Kiingereza cha nini. Nilidhani ni mambo ya parokia, labda kwaya fulani inakuja kutoka Kenya. Maman hawezi kuona mgeni anapita bila kumsalimia. Restora alikopika miaka yote ilikuwa imefungwa tangu mwaka uliopita, na sasa alikuwa anakaanga beignets, yaani mandazi, asubuhi kwenye kona ya avenue. Hakulalamika, basi na mimi sikufikiri. Papa yuko Kamituga kwenye machimbo, anarudi siku barabara inapokubali. Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mwanafunzi wangu.

Tulianza na salamu, zikaingia vizuri. Kisha tukafika kwenye yeye.

Unajua sisi tunavyosema. Alikuja, amekula, anaumwa, amelala. Nani? Askofu, mtoto mchanga, shangazi, mwizi, wote ni yeye, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba tumemvua suruali au tumemvalisha. Nilipomwambia maman kwamba Waingereza wana yeye mbili, aliacha maharagwe.

“Mbili za nini?”

“Moja ya baba, moja ya mama.”

“Sasa kama sijamuona? Kama nasikia tu mutu anapiga hodi?”

Swali zuri. Mwalimu mwema angelijibu. Mimi nilikuwa bado nawaona wale vijana wa avenue ya juu wakishangilia bao la tano.

“Tuanze na wale unawaona,” nikasema. “Ule jogoo wa jirani ni ‘she’.”

“Shi.”

“Na kuku yake ni ‘he’.”

“Hi.” Akaandika. Kisha akanitazama. “Mbona hii ‘hi’ iko na sauti ya kiume?”

“Maman, Waingereza ni batu ya kinyume. Hata motokari wanaendeshea upande mwingine.”

Akakubali. Aliwahi kuona jambo hilo kwenye video ya Kampala.

Kwa wiki nzima nilicheka ndani ya blanketi. Maman hakusoma kwa macho, alisoma kwa mdomo, akizungusha maneno huku akikanda unga. Jogoo akipita, “shi anatembea.” Mama jirani akianika nguo, “hi anafua.” Papa alipopiga simu kutoka Kamituga, maman alimwambia kwa fahari, “Sikia: my husband, shi is strong!” Papa, ambaye Kiingereza chake kinaishia kwenye jina la timu yake ya mpira, akajibu kwamba hata yeye anamkumbuka sana. Nilitoka nje nikauma mkono nisicheke.

Haya, sasa shule. Alhamisi mwalimu wetu wa Kiingereza, mtu mwembamba anayefuta ubao kwa mkono wa koti lake, alituambia kwamba Waingereza nao wana neno kwa mtu mmoja usiyejua kama ni mwanaume au mwanamke. Wanatumia “they”. Tena kuna watu wanaopenda waitwe hivyo, hawataki “he” wala “she”, na wewe unamwita mtu kama anavyotaka kuitwa, ndiyo adabu. Darasa likapiga kelele. Aliyekaa mbele yangu akauliza, “Monsieur, ‘they’ si ni batu wengi?” Mwalimu akasema ndiyo, na pia ni mmoja, kama vile “vous” ya Kifaransa inavyoweza kuwa umati au mkubwa wako peke yake.

Nikanyoosha kidole. “Monsieur, hawa Waingereza wamechelewa. Sisi tuko na ‘yeye’ tangu wazee wa wazee. Wangetuuliza tu.”

Darasa likacheka. Mwalimu naye alitaka kucheka, nilimwona, lakini akasema, “Asante kwa msaada. Utoke inje, usaidie miti.”

Nilisimama nje nusu saa nikijisifu. Sikujua kwamba hilo “they” ningelihitaji jioni ile ile, na kwa haraka.

Nilipofika nyumbani kulikuwa na yai. Si yai la kugawana. Yai zima, juu ya foufou yangu, limekaa kama patron, bosi mwenyewe. Maman alikuwa amevaa kitenge cha kanisani siku ya Alhamisi.

“Kaa,” akasema. “Sikutaka kusema mbele, midomo ya batu inaharibu vitu. Kuna nyumba ya bageni kule chini ku ziwa. Wanatafuta mupishi. Bageni wengi ni ba anglais. Kesho saa tatu nafanya test.”

“Test ya kupika?”

“Ya kupika na ya kuongea. Patronne, ule mama mwenye nyumba, alisema vile: unaenda ku meza, unauliza kila mutu anataka nini, unarudi, unamwambia yeye kwa anglais nani anakula nini. Kiisha unapika. Sahani ikienda kwa mutu mwingine, unarudi kwako. Wamerudisha bamama wawili tayari.” Akanisogezea yai. “Nilimwambia niko na mwalimu nyumbani. Nikamwambia ni mutoto wangu.”

Nikalisogeza yai upande wa pili wa foufou.

Hebu nieleze vizuri kilichokuwa mbele yangu. Beignets hazikuwa zinatulisha. Tulikuwa tunakula mara moja kwa siku na kuita hiyo mara moja “chakula cha mchana na cha jioni”. Kazi ile ilikuwa jiko la kweli, lenye paa, na maman ndani yake. Na mtu wa kumwambia patronne nani ni nani pale mezani alikuwa amefundishwa na mimi kwamba jogoo ni “she”.

Kusema ukweli kulihitaji sentensi moja. Niliitafuna, nikaimeza pamoja na foufou. Badala yake nikasema:

“Maman, leo monsieur ametufundisha kitu kipya. Acha ‘he’. Acha ‘she’. Siku hizi wanasema ‘they’ kwa kila mutu.”

“Zei?”

“They. Mwanaume, mwanamke, usiyemujua, wote.”

“Hata mutu mumoja?”

“Hata mumoja. Ni adabu.”

Akanitazama muda mrefu. Sasa naweza kusema alinitazama muda mrefu. Siku ile niliona anafikiri tu.

“Mbona hukunipa hii tangu mwanzo?”

“Ni mupya.”

“Bon. Sasa kama ku meza kuna batu wawili, nikamwambia patronne ‘zei anataka samaki’, atajua ni nani?”

Hapo nikaona kwamba maman angekuwa hodari darasani kuliko mimi. Nilimwambia aonyeshe kwa kidole. Akasema, “Kidole? Kumuonyesha mugeni na kidole kama mwizi sokoni?” Akachukua sahani yangu akaenda kuiosha, na nikasikia kwenye maji: shi, hi, zei, shi, hi, zei.

Ijumaa asubuhi niliamka na uamuzi. Nitasema. Nilipotoka nikifunga vifungo vya shati, maman alikuwa amekwisha kupanda moto, pikipiki ya abiria, mkoba mapajani, kitambaa kichwani kimesimama. Moto ikaanza kushuka. Nikakimbia, kamba za viatu zinapiga ardhi.

“Maman! ‘He’ ni ya mwanaume! Maman! ‘She’ ni ya mwanamke!”

Hakugeuka. Moto ikakata kona. Wenye moto wengine waliokuwa wakingoja wateja pale walinitazama, na mmoja akauliza taratibu, “Sasa wewe, petit, ulikuwa unafikiri ni ya nani?”

Shuleni sikusikia kitu. Mwalimu wa Kiingereza alitupa zoezi, nami nikaandika “they” kila mahali, hata pale pa mbuzi. Aliponirudishia karatasi aliuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo, na haikuwa uongo. Nilikuwa naona meza kubwa, kitambaa cheupe, maman amesimama wima na kitenge cha kanisani, anasema kwa sauti yake nzuri ya kwaya kwamba yule muzee mwenye ndevu, yeye ni mwanamke, anataka supu. Nilikuwa naona wanacheka. Ukitaka kujua nilivyokuwa mwovu, niliwaza hivi: kwa wiki nzima nilicheka peke yangu, na sasa nimempelekea watu wa kumcheka.

Kengele ya mwisho ilipolia sikupanda nyumbani. Nilishuka mpaka chini, nikasimama kwenye barabara ya ziwa karibu na geti la kijani la nyumba ile. Nilikwisha kupanga hotuba yangu. Ingeanza na “Maman, unichape kwanza.”

Akatoka saa tisa na nusu. Nilimtazama usoni, nikashindwa kusoma. Nikatazama mikono. Kwenye mkono wa kushoto alikuwa na mfuko, na kutoka kwenye mfuko kulikuwa kunaning'inia kamba mbili nyeupe.

Tablier. Aproni ya mpishi.

Hawampi tablier mtu wanayemrudisha kwake. Nikakaa kwenye jiwe pale pale, na upepo wa ziwa ukaingia kifuani kama mtu amefungua dirisha.

“Unafanya nini hapa?” maman akasema. “Shule imekufukuza?”

“Hapana. Walikuchukua?”

“Naanza siku ya kwanza, Jumatatu. Simama, unachafua suruali.”

Tukaanza kupanda kwa miguu, maana alisema siku hiyo anataka watu wamuone. Nikauliza ilikuwaje, na maman akinisimulia kitu huwa hasimulii, anakicheza, barabarani, mfuko mkononi.

“Nafika, wananionyesha meza. Bageni watatu. Wa kwanza muzee, mvi tupu. Wa pili mama munene, iko na sura nzuri. Wa tatu…” Akasimama, akatafuta. “Wa tatu, kijana. Kichwa amenyoa, heleni moja, suruali kubwa kama ya mwana jeshi, sauti ya katikati. Nikamtazama, nikamtazama, nikaona si kazi yangu. Nikawauliza wote: you eat what? Wakaniambia. Nikarudi kwa patronne. Akaniuliza kwa anglais: ‘Nani anakula nini?’”

“Ukasema nini?”

“Nikafungua mudomo. Na mu mudomo vitu vitatu vikakuya pamoja, shi, hi na zei, vinasukumana kama batu ku mulango ya kanisa siku ya Noeli. Nikafunga. Patronne anangojea. Nikafikiri: muzee kama ule, mvi vile, nitamwitaje na kaneno kafupi kama kuku? Kwetu mutu akiwa mbele yako unamwita kwa heshima yake. Basi nikasema.” Akanyoosha mgongo, akainua kidevu. “‘Papa, no salt. Papa, tension. Maman, fish, pili-pili plenty.’”

“Ukasema Papa?”

“Ningemwita nani? Ni papa! Na muzee akasikia kule ku meza, akacheka, akainua mukono: ‘Yes, Papa!’ Kumbe ile ya chumvi ndiyo ilikuwa mutego yao. Muzee iko na presha, alikatazwa chumvi na daktari. Bale bamama wawili walipeleka sahani yake kwa mama munene, ya mama kwa muzee.”

Nikaongeza hatua nimfikie.

“Na wa tatu, maman? Si Papa, si Maman.”

“Nikasema: ‘My child, banana and beans, two plates.’”

“My child!”

“Si mutoto? Iko na miaka yako na mingine mitano. Patronne akaniuliza, ‘My child ni nani?’ Na mimi kabla ya kujibu, kijana mwenyewe akaruka: ‘Me! Me!’ Wote wakacheka, hata patronne. Ule kijana akanikumbatia wakati wa kutoka. Akasema mambo mengi ya anglais, sikusikia yote, lakini ilikuwa mazuri. Machozi kidogo ku macho yake.”

Tulipanda hatua chache. Nilifikiri juu ya darasa letu lililopiga kelele Alhamisi, na mimi niliyekuwa nashindana na Waingereza kuhusu nani alianza. Kesho yake maman alikuwa jikoni kwa wageni, hana “he”, hana “she”, hata “they” niliyompa kwa woga imemwacha, na kila mtu pale mezani alijisikia ameitwa sawasawa.

Lakini mimi ni mimi, nikauliza:

“Sasa maman, kweli, ule wa tatu alikuwa mwanaume ao mwanamke?”

“Alikuwa na njaa,” maman akasema. “Alimaliza sahani mbili.”

Tukafika kwenye ngazi za mwisho, zile za mawe zinazopanda kwenye avenue yetu. Hapo hotuba yangu ikarudi. Nikamshika mkono wa mfuko.

“Maman, unichape kwanza. ‘She’ si ya mwanaume. Nilikudanganya. Ni juu ya mechi, ile siku ya maji. Sikujua ni ya kazi. Na ‘they’ nilikupa juu niliogopa kusema.”

Nikafumba macho. Hakuna kilichotua. Nikafumbua jicho moja. Maman alikuwa amekaa kwenye ngazi, ametoa tablier, anaikunja upya juu ya magoti yake, na akasema, bila haraka:

“Nilijua tangu siku ya tatu. Ule mama anauzisha samaki ku soko aliishi Kampala miaka sita. Nilimwambia ‘my husband, shi is strong’, akacheka mpaka samaki zake, zile sambaza, zikaanguka chini, kiisha akaniambia ukweli. Nikamwambia: unyamaze, nataka kuona huyu mutoto wangu ataniacha niende ku test vile ao hapana. Lakini ile uongo yako ilikuwa imeshika kichwa kuliko ukweli, ndiyo maana leo ulimi wangu ulijifunga. Jana ulileta ile ‘zei’, nikasema bon, hiyo ni nusu. Leo asubuhi umekimbia nyuma ya moto na viatu havijafungwa, ukapiga kelele barabarani kama mutu ameibiwa. Nilisikia, mwenye moto alisikia, avenue muzima ilisikia. Nusu ya pili ile. Nimekusamehe. Lakini robinet imekauka tena, mwanangu. Vidumu viko nyuma ya mulango. Shuka, na ukipanda, kila ngazi useme: ‘he, mwanaume, she, mwanamke, they, usiulize.’ Kwa sauti. Nitakuwa hapa juu nasikiliza.”